Nusu Isiyo ya Rubani

Mara ya tatu Bi Rahila alipoisimulia safari ya maiti ya mumewe, ndipo Mwanawema alipoisikia.

Mara mbili za mwanzo maneno yalimpita kama maji juu ya jani la jimbi. Ndiyo ada ya msiba pale Madungu, na Pemba nzima: kila kundi la wanawake linaloingia, likishakaa mkekani na kulia kwa kadiri yake, huuliza, "Ehe, ilikuwaje?" Na mfiwa huanza upya, tangu homa ya kwanza hadi pumzi ya mwisho, asiruke hatua. Wapo wasemao kusimulia kunampunguzia mtu uzito. Wapo wasemao kunamzuia asiwehuke. Wanaume walikuwa wameshalibeba jeneza la Mzee Jaribu kulipeleka msikitini, na baada ya alasiri makaburini. Wanawake hawafuati. Kilichosalia ndani ni moshi wa udi, vilio vilivyochoka, na kundi la tatu, la wanawake wa Wawi.

"Basi ndege ikaruka, salama," Bi Rahila alisema, sauti imemkauka. "Mie nimekaa hapa, yeye kalazwa hapa chini, jeneza limefungwa mikanda. Tukenda, tukenda. Kukaribia kisiwa cha Misali, wingu hilo, limesimama kama mnara. N'kasema atalizunguka. Hakulizunguka. Tukaingia. Loo! Tukashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Jeneza likanyanyuka, wallahi, likanigonga goti. Kisha tukapigwa kutoka chini, pwaa! Meno yakagongana. N'kasikia bawa linaguta."

"Linaguta?" aliuliza mmoja.

"Kama mlango wa kizamani. Mara moja tu, kisha kukatulia. N'kamwambia, Jaribu wee, hata kufa hukutaka kufa peke yako."

Wanawake wakacheka kile kicheko cha msibani, kisichofika mbali kabla hakijageuka machozi. Mwanawema hakucheka.

"Mama. Bawa la upande gani?"

"Mtoto huyu! Baba yake yuko mabegani mwa watu, yeye auliza bawa."

"Upande gani, Mama?"

"Wa kushoto. Karibu na ule mguu unaoshika bawa."

Mwanawema alikuwa fundi wa ndege. Miaka mitatu alisoma Dar es Salaam, akarudi na stashahada, na mwaka huu alikuwa anatimiza wa nne katika kiwanja cha Pemba, fundi pekee wa kampuni ndogo yenye ndege ya abiria kumi na wawili. Leo alikuwa na ruhusa ya msiba. Kwa hiyo leo hakukuwa na mtu wa kuitazama ndege hiyo.

Saa saba mchana, ndege ilipotua na maiti ya baba yake kutoka Unguja, Mwanawema alikuwa amesimama mlangoni pa ndege. Rubani alikuwa Zubeir, mchumba wake. Kampuni haikuwa na desturi ya kubeba maiti. Zubeir ndiye aliyekwenda kuwapigia magoti wakubwa zake, akasema ndege inakwenda Pemba karibu tupu, kuna dhambi gani? Alipofungua mlango, Mwanawema alimuuliza kama mtu yeyote anavyouliza, "Safari ilikuwaje?"

"Salama," Zubeir alijibu. "Pole sana, Mwanawema."

Ndivyo watu wa hapa walivyolelewa. Salamu ya kwanza hujibiwa salama, hata nyumba ikiwa inaungua. Ubaya, ukiwapo, huja nyuma yake, taratibu, baada ya "ila." Siku hiyo "ila" haikuja, na yeye hakuingoja. Alikuwa analitazama jeneza. Hakuinua macho kuliangalia bawa.

Sasa ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Saa kumi na nusu ndege ingeruka kurudi Unguja na abiria kumi na mmoja.

Alipiga simu ya Zubeir. Ikaita hadi ikakata. Akavaa buibui.

Mlangoni alikutana na Bi Kazija, dada wa baba yake.

"Wenda wapi?"

"Kiwanjani, shangazi."

"Kiwanjani! Ndugu yangu hajafukiwa!"

"Najua."

"Na watu wakiniuliza niwajibu nini?"

"Waambie nimekwenda kutazama ndege."

"N'tawaambia umekwenda kutazama bwana," Bi Kazija alisema, huku machozi yakimtoka. "Hayo watayaamini upesi zaidi."

Mwanawema alipanda bodaboda pale njia panda. Kijana wa bodaboda alimpa pole ya msiba, kisha akaenda mbio.

Pale kiwanjani abiria walikuwa wameshapimiwa mizigo, wamekaa kwenye mabenchi na vikapu vyao. Bwana Thabit, msimamizi wa kampuni, alimwona akashika kichwa.

"Mwanawema! Si ungetulia, binti yangu?"

"Nipe dakika kumi na ngazi, Bwana Thabit."

Zubeir alikuwa amesimama kivulini mwa bawa, shati lake jeupe limelowa mgongoni. Alipomwona, uso wake uling'aa, kisha ukafifia hapo hapo, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Mmeshazika?"

"Ndiyo wanazika sasa." Aliiegemeza ngazi. "Shika hapa."

Alikunja buibui, akaliingiza kiunoni, akapanda. Alikuwa mtoto wa mkwezi wa mikarafuu na ngazi haikumtisha. Mwaka wa kwanza wa chuo, aliporudi likizo, Mzee Jaribu alimtaka amweleze wanasoma nini huko. Akamweleza: bawa halibebi tu uzito wa ndege, hubeba na hasira za hewa, hewa ikipanda ghafla kutoka chini, bawa hunyanyuliwa kabla mwili wa ndege haujafuata, na hapo ndipo chuma huumia. Mzee Jaribu alicheka hata akakohoa. "Hilo ndilo mlilokwenda kulisomea Dar? Tawi la mkarafuu halivunjwi na mkwezi, mwanangu. Huvunjwa na mkwezi aliyeshtuka."

Kulikuwa na lingine, na hilo baba yake hakulijua, nalo ndilo mwalimu wao alilolirudia hadi likawachosha. Dharuba ile ile ya hewa, ukikutana nayo kwa mwendo wa pole hukusukuma. Ukiivaa kwa kasi hukuumiza. Wanaobuni ndege hawajengi bawa la kuushinda kila upepo, maana bawa hilo lingekuwa zito hata lisinyanyuke. Wamekaa miaka na miaka wakipima dharuba, safari kwa safari, wakachora mpaka: bawa lihimili mpaka hapa. Kisha juu ya mpaka huo wakaongeza nusu yake tena, kwa kuwa wao ni binadamu na huenda wamekosea. "Nusu hiyo," mwalimu alikuwa akisema, "si ya rubani. Rubani haambiwi atumie. Ni ya kumwogopa Mungu."

Alipofika juu aliliona bila ya kutafuta. Juu ya bawa la kushoto, pale mguu unapolishika, bati lilikuwa limefanya mikunjo miwili mirefu, kama kanga iliyolaliwa. Akapitisha kiganja. Mikunjo ilibaki. Kando yake, safu ya ribiti zinazolishona bati kwenye mbavu za bawa zilikuwa zimezungukwa na weusi mwembamba, kila moja na wanja wake. Weusi huo ni unga wa chuma. Ribiti iliyokaza haina wanja. Iliyolegea husagana na bati, na unga ukatoka.

Alizihesabu. Kumi na saba. Akazihesabu tena kutoka upande wa pili, akitaka ziwe chache.

"Zubeir," alisema kutoka juu, "mlipoingia wingu la Misali mwendo ulikuwa ngapi?"

Zubeir aliishika ngazi, akitazama chini.

"Zubeir."

"Mia na sabini."

"Na kitabu kinakutaka ngapi hewa ikichafuka?"

"Mwanawema, unakijua kitabu kuliko mie."

"Nataka useme wewe."

"Chini ya mia na hamsini. Ndege nyepesi, chini zaidi." Alinyanyua uso. "Kitabu hakina maiti ndani. Tulichelewa kuruka. Daktari kachelewa na karatasi zake. Baba yako aoshwe, akafiniwe, asaliwe baada ya alasiri, na mie niko hewani nahesabu dakika. Kulizunguka lile wingu ni robo saa. Mama yako kanikalia kisogoni, hasemi kitu, ananitazama tu. Ningepunguza mwendo kwa ajili ya nani?"

Mwanawema alishuka. Alitaka kumshika mkono. Hawakuwa wameoana, na watu walikuwa wanatazama.

"Ulifanya kwa ajili yetu," alisema. "Najua."

"Basi."

"Lakini hukuandika."

Kitabu cha ndege kilikuwa juu ya kiti cha rubani. Chini ya safari ya mchana, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, Zubeir alikuwa ameandika: hakuna kasoro.

"Dharuba si kosa la mtu," Mwanawema alisema. "Rubani akiandika 'nimepigwa,' ndege hukaguliwa, yeye huenda zake kulala. Kwa nini hukuandika?"

"Ningeandika, nani angeikagua? Wewe. Ningekutoa msibani mwa baba yako uje upande ngazi?"

"Ndiyo! Ungenitoa!"

"Singeweza." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisimama pale mlangoni, macho yamekuvimba, ukaniuliza safari. Ningesema nini?"

Mwanawema mwenyewe, kama angekuwa ndiye rubani na Zubeir ndiye mfiwa, angesema lile lile.

"Andika sasa, basi," alisema. "Futa, andika upya."

"Bwana Thabit kaupiga picha ukurasa tangu saa nane, kaupeleka Unguja. Na barua ya onyo ninayo moja, unajua. Hii ya pili wananing'oa." Zubeir alisogea karibu, akashusha sauti zaidi. "Nisikilize. Niwapeleke hawa. Dakika ishirini na tano, pole pole, naruka chini, nayakwepa mawingu yote. Kesho asubuhi naileta. Wewe kesho umetoka msibani, umekuja kazini, umeikuta. Hakuna anayeumia. Mwezi wa Mfungo Sita tunaoana kama alivyotaka baba yako. Mwanawema. Mie ndiye niliyemleta."

Pale mabenchini mtoto mmoja wa kike alikuwa amemlalia mama yake mapajani, mdomo wazi. Mzee mmoja alikuwa anamenya chungwa kwa kisu, ganda refu lisilokatika. Mwanawema aliwatazama wote kumi na mmoja, mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa anamfahamu. Angependa wawe watu wabaya.

Akauchukua kitabu. Kalamu aliipata mfukoni mwa shati la Zubeir, aliivuta mwenyewe. Akaandika tarehe, saa, bawa la kushoto, mikunjo miwili, ribiti kumi na saba. Akaandika mwendo, kama alivyoambiwa na rubani. Mwandiko ulitoka safi kama wa siku zote, na hilo ndilo lililomuuma baadaye, kila alipokumbuka. Mwisho akaandika: ndege isiruke. Akatia saini.

Zubeir hakuyasoma yote, mstari wa mwendo tu ndio uliomvuta macho. Alisema polepole, "Hilo nimekwambia wewe. Sikumwambia fundi."

Kisha akaondoka kwenye kivuli cha bawa.

Bwana Thabit alipowatangazia abiria, mzee wa chungwa alisimama. "Bovu liko wapi? Mbona ndege nzima, inang'aa?"

"Bawani, mzee."

"Nani kaliona?"

"Yule binti."

"Yule mwenye buibui?" Mzee akaguna. "Haya. Tutalala Pemba kwa amri ya buibui."

Mwanawema aliporudi Madungu, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Miguu yao ilikuwa na udongo mwekundu. Hakuna aliyemuuliza kitu, nao hawakuhitaji, kwa kuwa simu zilikuwa zimeshafika kabla yake.

Siku ya pili walikuja mafundi wawili kutoka Dar es Salaam. Walilifungua bawa, wakaingiza taa na vioo ndani. Mikunjo ni ya kweli, walisema. Bawa limevuka mpaka wake. Mhimili wa ndani ulikuwa na alama ambayo mmoja aliita ufa na mwenzake akaiita mkwaruzo, wakabishana hadi chai ikapoa. Utatolewa upelekwe kupimwa, miezi huko. Mkubwa wao alimsifu Mwanawema mbele ya watu. Adhuhuri hiyo hiyo Zubeir alipigiwa simu na kusimamishwa kuruka, na leseni yake kutakiwa irudishwe. Si kwa dharuba, walisema. Kwa kuandika hakuna kasoro.

Jioni mama yake Zubeir, Bi Widad, alikuja kuhani. Alivua viatu, akakaa, akalia kwa haki, maana Mzee Jaribu alikuwa mtu wake. Hakumtazama Mwanawema. Alipoinuka kuondoka alimshika Bi Rahila mikono yote miwili.

"Mwanangu alimleta mumeo, dada. Mwanao akamzika mwanangu."

Tangu hapo, kila kundi lilipoingia na kuuliza ilikuwaje, Bi Rahila alisimulia kama kawaida, ila alitoka kitandani mwa hospitali akafika moja kwa moja ukumbini mwake. Ndege hakuitaja. Mwanawema alikuwa akikaa pembeni, anasikiliza, akingoja wingu la Misali, nalo haliji. Ilikuwa kama baba yake hakuletwa na mtu.

Siku ya tatu ilisomwa khitma. Wanaume walijaa barazani hadi uchochoroni, kila mmoja na juzuu yake. Wanawake ndani, pazia katikati. Sauti za wasomaji zilikuwa zikipanda pamoja kama nyuki. Mwanawema alikuwa jikoni akipakua wali aliposimama ghafla, upawa mkononi. Katika sauti zote zile kulikuwa na moja nene kidogo, inayovuta mwisho wa aya kana kwamba haitaki kuiacha.

Bi Kazija aliingia mbio. "Kaja! Zubeir. Kakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Watu wamempisha, hakutaka." Alimsogelea. "Na kanituma kwako."

"Kasemaje?"

"Kanambia n'kuulize zilikuwa ngapi. Mie n'kadhani ni mambo yenu ya posa."

"Ribiti kumi na saba, shangazi. Mwambie zote upande mmoja."

Bi Kazija alikwenda, akarudi anahema. Miaka yake ilikuwa inakaribia sabini na kazi ya kupeleka maneno ya vijana hajaifanya tangu zamani. Alikuwa ameanza kuipenda, maskini. "Anasema kumbe nyingi. Anauliza, ingefika?"

Mwanawema aliuweka upawa chini.

"Nini ingefika?" shangazi aliuliza. "Barua?"

"Ndege. Siku ile. Anataka kujua, angeruka nayo, ingefika Unguja?"

Bi Kazija aliangalia pazia, akamwangalia yeye. Mara hii alielewa yote. "Mwambie isingefika," alinong'ona. "Mwambie ingeanguka baharini na watu wote. Ajue umemwokoa. Atakusamehe, mwanangu, kesho tu watu wa kwao watarudi hapa na halua ya posa. Ni neno moja!"

Lilikuwa neno moja kweli. Na huenda lilikuwa la kweli. Lakini yule fundi wa pili, aliyeita mkwaruzo, alisema bawa lile lingeweza kuruka mwaka mzima. Na wa kwanza alisema yeye asingethubutu hata kuliwashia injini. Ile nusu iliyoongezwa juu ya mpaka, hakuna kipimo cha kukuonyesha umekula kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Huenda alimvunja Zubeir kwa kitu kilichokuwa na uzima wa safari mia. Huenda kwa kitu kisichokuwa na hata moja. Na mtu aliyeuliza hivyo, mbele ya watu, kupitia kwa bibi kizee, alikuwa anataka kujua hasa. Hakuwa anataka kutulizwa. Alimfahamu. Ndiyo sababu alimpenda.

"Mwambie sijui."

"Mwanawema."

"Mpelekee hilo hilo, shangazi. Sijui. Wala hatutajua."

Bi Kazija alikwenda taratibu, akishika ukuta. Barazani walikuwa wamefika kwenye dua. Itikio la "amina" lilikuja kwa mawimbi, na ile sauti nene ilikuwamo katika mawimbi mawili ya mwanzo. Katika la tatu haikuwamo.

Shangazi aliporudi, alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi.

"Kasemaje?"

"Hakusema. Kaitika kwa kichwa. Kangoja kidogo dua iishe, hakuweza, kavaa viatu kenda zake."

"Kala?"

"Hajala."

Mwanawema aliuokota upawa, akauosha. Akachukua sahani, akapakua wali wa mtu mzima, akaweka na vipande viwili vya nyama, vizuri, vile vya pajani. Akaifunika kwa kawa. Wanawake wakawa wanaingia na kutoka, wakibeba sinia za wageni, na kila aliyepita aliiona ile sahani na kuuliza, "Hii ya nani?" Alikuwa akisema, "Iacheni." Hadi alasiri ikaadhiniwa, na jikoni hakukuwa na mtu wa kumtuma nayo kwa Zubeir.